Panya waliolishwa mafuta ya samaki: ni nini hasa kinachotuliza inflamesheni (uvimbe unaotokana na kinga ya mwili)?

Mwanafunzi wa Uzamili: Ndugu wanajukwaa, ninaandaa pendekezo la utafiti kuhusu asidi za mafuta za omega-3. Katika makala nyingi, kundi moja la panya hulishwa mafuta ya samaki na kundi la kulinganishia mafuta ya mahindi, kisha wote hudungwa karajinani, dutu ya mwani inayochochea inflamesheni, kwenye unyayo ili uvimbe. Kundi la kwanza likivimba kidogo, nitajuaje kwamba omega-3 ndiyo iliyotuliza, wala si mafuta ya mahindi yaliyochochea?

Mkemia: Shaka yako ni ya haki. Zaidi ya nusu ya asidi za mafuta ya mahindi ni asidi ya linoleiki, ya jamii ya omega-6, ambayo mwili huweza kuigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, malighafi ya prostaglandini E2, kemikali ya mwili inayochochea inflamesheni. EPA, omega-3 ya mafuta ya samaki, hugombea kimeng'enya kilekile kinachotengeneza prostaglandini hiyo, siklooksijenesi, kwa hiyo jaribio la namna hiyo hupima uwiano wa pande mbili. Soma habari za panya wa fat-1, waliotangazwa na Jing Kang na wenzake mwaka 2004: walipewa jeni ya mnyoo *Caenorhabditis elegans* inayowawezesha kugeuza omega-6 kuwa omega-3, uwezo ambao mamalia hawana. Wao na ndugu zao wasio na jeni hiyo hula chakula kimoja, na bado utumbo wao mpana uliumia kidogo kuliko wa ndugu zao walipopewa kemikali ya kuuchubua.

Bi. Maabara: Naafikiana na Mkemia, ila fat-1 hupunguza omega-6 papo hapo inapoongeza omega-3, hivyo swali la ndugu yetu linabaki palepale. Mimi hushawishika zaidi na kazi ya mwaka 2010 kuhusu GPR120, kipokezi cha seli kinachotambua omega-3, kwa sababu panya waliokosa kipokezi hicho hawakupata nafuu ya inflamesheni hata walipolishwa omega-3. Tena, mafuta ya samaki huchacha upesi. Chakula kihifadhiwe kwenye friza na kibadilishwe kila siku, la sivyo utakuwa unapima mafuta yaliyooza.

Mwanafunzi wa Uzamili: Nashukuruni. Kwa kuwa bajeti yetu haifikii panya wa jeni, nitaongeza kundi la tatu litakalolishwa mafuta ya zeituni, ambayo yana omega-6 kidogo.

Bi. Maabara: Vema, mradi jumla ya mafuta katika makundi yote matatu iwe sawa.