Zulia la mkonge, usumba, sufu au mkeka: lipi linapunguza kelele ndani?

Mdau_Forest
Wakuu, naomba ulinganisho. Sebule ni mita 4 kwa 5, dari iko mita 2.8, sakafu marumaru, kuta za plasta, ghorofa ya kwanza hapa Mbeya mjini. Kelele ni za aina tatu: ukiongea sauti inarudi, jirani wa chini analalamikia vishindo vya watoto na viti, na usiku malori ya barabara ya Tunduma yanasikika. Sitaki zulia la plastiki. Kipi kinafaa kati ya mkonge, usumba wa nazi, sufu na mkeka wa ukindu?

FundiZulia_Iringa
Tenganisha kwanza hizo kelele, maana hazina dawa moja. Mwangwi ni sauti inayodunda kwenye vitu vigumu, na zulia linaumeza. Kishindo kinaingia kwenye zege kupitia unyayo au mguu wa kiti, na zulia linakipunguza kabla hakijaingia. Malori ni habari nyingine. Sauti yake inapita dirishani na kwenye upenyo wa mlango, tena ni nzito, na zulia la sakafuni haliigusi. Pesa ya malori nunulia mpira wa kuziba fremu za madirisha na brashi ya kuziba upenyo wa chini ya mlango.

Mwangwi unaweza kuukadiria kwa kanuni ya Sabine: sekunde za mwangwi kufifia = 0.161 × ujazo wa chumba ÷ eneo linalomeza sauti. Ujazo wako ni mita za ujazo 56. Sakafu, dari na kuta kwa pamoja ni kama mita za mraba 90. Tukichukulia kwamba vitu vigumu vinameza asilimia 3, hiyo ni sawa na mita za mraba 2.7, na chumba kitupu kinatoa sekunde 3.3. Tandika zulia nene la mita 2 kwa 3 linalomeza asilimia 30, eneo linafika 4.3 na mwangwi unashuka hadi sekunde 2.1. Makochi na mapazia mazito yataushusha tena.

Katani_Njombe
Kwa kumeza sauti sufu inaongoza, kwa sababu nyuzi zake ni laini, zimesimama na zina hewa katikati. Adui yake ni nondo, hasa pembe za chini ya kochi ambako hapafagiwi. Mkonge unavumilia viti kuburutwa miaka na miaka, lakini msuko wake ni mwembamba na umebana: unapunguza kidogo sauti kali kama milio ya vyombo, ile nzito unaiacha ipite. Usumba unakwaruza magoti ya mtoto, uweke mlangoni na koridoni. Mkeka wa ukindu peke yake hauna unene wa kumeza chochote. Ni mzuri ukiwa juu ya kitu kingine.

MamaWaGangilonga
Ndugu zangu, mnalinganisha mazulia mnasahau tandiko la chini, na kwa vishindo hilo ndilo linalofanya kazi kubwa. Mkonge juu ya felti (kitambaa kinene cha nyuzi zilizogandamizwa) ya milimita 8 hadi 10 unaupita kwa mbali mkonge uliolala juu ya marumaru.

Felti ikikosekana, tumia magunia ya katani yaliyobebea kahawa, kule Mbozi hayakosekani. Yakung'ute, yafue, yaanike jua kali mpaka yakauke kabisa. Panga tabaka tatu, uzi wa tabaka moja ukikatana na wa lingine, kisha shona kwa shazia (sindano kubwa ya magunia) kingo zote na mstari mmoja katikati ili yasikusanyike. Tandiko hilo likate dogo kuliko zulia kwa sentimita 3 kila upande, la sivyo ukingo utabaki umeinuka na kukwaza watu. Gunia linateleza sana juu ya marumaru, kwa hiyo wavu wa mpira lazima utangulie chini.

Rungwe_Kijani
Nyongeza kwa walio nyumba za chini na kwenye mvua nyingi kama Tukuyu: pima unyevu wa sakafu kabla ya kununua. Bandika nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45 kwa gundi ya karatasi (utepe unaonata) pande zote nne, iache usiku kucha, saa 16 au zaidi. Ukikuta matone kwa ndani au sementi imekuwa nyeusi, usitandike mkonge wala gunia hapo. Mkonge unavuta unyevu, unavimba, ukikauka unasinyaa, na kingo zinakunjika. Chini yake ukungu unaota bila wewe kujua mpaka harufu itoke. Usumba unastahimili zaidi, ila nao unahitaji kuinuliwa upate hewa.

Tena msiuoshe mkonge kwa maji. Maji yenyewe yanaacha alama. Chai ikimwagika, kandamiza kwa kitambaa kikavu bila kusugua.

Mdau_Forest
Asanteni sana. Mkonge wa kukatiwa kwenye roli nikikata mwenyewe utafumuka? Na mvua kwenye bati je?

FundiZulia_Iringa
Bati ni kazi ya dari, zulia halifiki huko. Kuhusu kukata: litandaze chumbani siku nzima kwanza, maana linabadilika vipimo kufuata hali ya hewa. Bandika gundi ya karatasi kwenye mstari wa kukatia, kata katikati ya gundi kwa kisu kikali upande wa mgongo wa zulia, halafu shona utepe wa pamba wa sentimita 6 uliokunjwa kuzunguka ukingo. Ukiruka gundi, msuko unaanza kuachia kabla hujashika sindano.

MamaWaGangilonga
Na kishindo kinazuiwa pale tu palipofunikwa. Usiweke zulia katikati ya sebule kwa uzuri huku watoto wanakimbia kutoka mlangoni kwenda jikoni. Funika njia hiyo kwanza. Chini ya meza ya chakula, zulia lizidi meza kwa sentimita 60 kila upande, ili kiti kikivutwa nyuma miguu yote minne ibaki juu yake.