Mafundi laptopu wa Mwanza: feni "mpya" ya siku tisa ina vumbi la miaka minne?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Mimi nafanya hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kazi yangu yote iko kwenye laptopu moja, Dell, ninayo mwaka wa nne. Mwezi jana ilianza kelele. Nikifungua faili moja la Excel, feni inalia kama mashine ya kusaga, juu ya kibodi hapashikiki, halafu inakuwa nzito mpaka namba unayoandika inatokea baadaye. Mwisho ikaanza kujizima. Na tarehe 20 ya ritani za VAT haimsubiri mtu.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaiwasha, akasikiliza kidogo, akasema, "Dada, feni imekufa, na madabodi inaelekea hukohuko. Tuanze na feni." Madabodi ndiyo bodi kuu ya mashine. Feni, elfu 60. Nikamwomba, kaka, ifungue nikiwepo. Akasema wateja hawaingii ndani, nirudi jioni. Jioni nikapewa imetulia kweli. Siku ya tatu kelele zikarudi. Siku ya tisa ikajizima mara nne kabla ya adhuhuri. Narudi kwake, jibu: "Si nilikwambia madabodi?" Sasa anataka laki na themanini.

Nikakataa, nikaondoka na mashine yangu. Nikapakua HWMonitor, ile programu inayosoma joto. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilikuwa nyuzi 97, na hapo nimefungua Excel na kivinjari tu. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni kama nyuzi 100. Zikikaribia hapo zinajipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi mashine inajizima ili isiungue. Yaani ule uzito na kule kuzima vilikuwa mashine inajilinda! Fundi hajui hili? Au anajua, na laki na themanini yangu ameiona tamu?

Jumamosi mtoto wa dada yangu akaja na bisibisi. Tukachomoa chaja, tukafungua mfuniko wa chini, akachomoa waya wa betri kabla ya kugusa kitu kingine. Mfuniko una matundu nane ya skrubu, tulikuta skrubu sita. Kwa hiyo fundi alifungua. Alifungua akaona, akafunga.

Feni ni ileile. Mapanga yake yameganda vumbi jeusi ambalo haliwezi kuwa la siku tisa. Tulipoinyanyua, kati yake na mapezi ya shaba, kule hewa ya moto inakotokea, kulikuwa na mkeka wa vumbi mzito kama kipande cha blanketi. Dogo akaushika kwa kibano, ukatoka mzima. Ndani yake mabawa ya wale wadudu wa ziwani. Wa Mwanza mnawajua, wanavyonyanyuka majini kama moshi na usiku wanajaa kwenye taa. Mimi hufanya kazi usiku karibu na dirisha, feni ilikuwa inawavuta miezi yote hiyo. Fundi alipuliza blowa juu juu tu, ndiyo maana ilitulia siku mbili. Mkeka ukabaki palepale.

Pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kwenda kwenye shaba, nayo ilikauka, inabanduka vipande kama udongo wa kiangazi. Tukaifuta kwa spiriti, tukaweka mpya kiasi cha punje ya dengu, tukarudisha shaba juu yake, tukakaza skrubu zake kwa mshazari kufuata namba zilizoandikwa pembeni yake. Feni tuliishika kwa kidole wakati wa kupuliza, maana ukiiacha izunguke kasi kwa upepo wa blowa unaiharibu. Pesti ilinigharimu elfu 10. Faili lilelile la Excel, kivinjari kilekile: nyuzi 68. Feni nasikia nikiinamisha kichwa tu.

Jumatatu nikamrudia na ule mkeka kwenye mfuko. Mnajua alichojibu? "Feni niliyokuwekea ni ya mtumba, ndiyo maana ina vumbi." Na mabawa ya wadudu nayo ya mtumba? Nikadai risiti, hana. Nikadai hela yangu, akahudumia mteja mwingine, binti wa chuo na laptopu inayovuma vilevile. Nikamsikia anaanza, "Dada, madabodi..." Nikamwambia yule binti mbele yake: aifungue ukiona, la sivyo usimwachie. Akaondoka nayo.

Elfu 60 yangu naitaka, na kila siku nikitoka Mwaloni nitapita pale kuidai. Mwenye kumjua fundi hapa Mwanza anayefungua mashine mbele ya mwenye mali, amtaje eneo lake. Na zile skrubu mbili za mfuniko zinapatikana wapi? Kwa sasa nimebandika selotepu.