Hilux LN106 (3L): kutoa feni ya klachi na kufunga feni ya umeme

karafuu_mbichi (Wete)

Assalaam alaykum mafundi. Gari ni Hilux LN106, injini ya dizeli aina ya 3L, betri moja ya volti 12, haina AC. Kazi yake ndizi, mihogo, na ukifika msimu ni magunia ya karafuu. Njia tambarare sindano ya tempicha haifiki nusu. Ikipanda vilima vya njia ya zamani ya Chake na mzigo, gia ya pili, sindano inakaribia wekundu, na ikiteremka inarudi yenyewe. Rejeta imefunguliwa ikasuguliwa, thamostati mpya ya digrii 82, kifuniko chake kipya cha presha ya 0.9. Fundi anasema feni ya klachi (ile inayozungushwa na mkanda wa injini, klachi yake ikiishika zaidi joto likipanda) imechoka, tuing'oe tufunge feni ya umeme ya mtumba. Nichukue feni gani, waya wa unene gani, na alteneta iliyopo itaiweza?

spana_kumi

Waalaykum salaam. Kwamba ni upepo, hapo fundi kapatia. Gari inayochemsha ikiwa kwenye 70 njia tambarare, tafuta rejeta iliyoziba au maji yasiyozunguka. Inayochemsha mlimani kwa mwendo wa 20 ikapoa kwenye mteremko, imekosa upepo. Lakini kutoka hapo mpaka feni ya umeme fundi karuka ngazi mbili.

Ya kwanza ni kuipima klachi yenyewe. Asubuhi, injini baridi na imezimwa, isukume feni kwa mkono kisha iachie. Ikiendelea kuzunguka mara tatu nne kama pia, imekwisha. Rudia injini ikiwa moto (zima kwanza, tafadhali): hapo inatakiwa iwe nzito mkononi. Itazame na usoni, penye ile springi bapa iliyojikunja kama konokono. Ukiona michirizi ya mafuta yaliyoshika vumbi ikitokea katikati, silikoni imevuja. Klachi ya Toyota inayofunguka kwa skrubu hujazwa upya. Silikoni yake huuzwa kwa tyubu za mililita 18 zenye namba ya uzito: 10,000 ni nzito kuliko 3,000, na iliyo nzito inashika zaidi. Usitie oili ya injini wala grisi, haitoshika kitu.

Ya pili ni kava la plastiki linaloizunguka feni. Lipo zima? Likivunjika au likiwa limetupwa, ncha za mapanga zinarudisha upepo uleule wa moto kutoka upande wa injini badala ya kuuvuta kupitia rejeta. Kuna magari yanabadilishwa klachi na shida yote ilikuwa kava.

Feni ya umeme ya ampea 25 inatumia kama wati 340 tu. Feni ya mkanda yenye klachi nzima, injini ikizunguka 3,000, inakula mara kadhaa ya hizo, na hiyo ndiyo nguvu inayosukuma upepo. Wanaosifu feni ya umeme kwa kupunguza mafuta, wengi wao hawapandishi magunia. Na silinda hedi ya 3L ikipata moto mara mbili tatu hupasuka, haina subira.

waya_na_rilei

Sina ugomvi na spana, mie pia ningeanzia kwenye klachi. Ila zipo klachi zisizojazika na mpya haipatikani kila siku, kwa hiyo kama umeme ndio njia iliyobaki, ufungwe hivi.

Feni: tafuta ya kuvuta, inayokaa nyuma ya rejeta, ikiwa pamoja na kava lake zima. Feni pacha za Noah zinafaa maana zinafunika eneo kubwa. Chagua zenye waya mbili tu kwa kila mota. Zenye kiboksi cha elektroniki ziache, hicho kiboksi kinasubiri amri ya kompyuta ambayo Hilux yako haina. Ya kusukuma, inayofungwa mbele, inaziba njia ya upepo gari ikiwa mwendoni. Na usiigeuze feni ya kusukuma iwe ya kuvuta kwa kubadilisha waya: itazunguka kinyume kweli, lakini mapanga yamepindwa kwa upande mmoja na upepo utakuwa nusu. Ukimaliza kufunga, weka karatasi mbele ya rejeta. Ikivutwa ikaganda, sawa.

Ifungwe kwa vipande vya bapa vya alumini kwenye fremu ya rejeta. Vile vifungo vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya rejeta visikugusie gari: mtikisiko wa njia za shamba utavifanya vikwaruze mirija mpaka itoboke.

Umeme: fyuzi ya 40 isiyozidi shubiri moja kutoka betrini, kisha waya wa milimita 6 za mraba wenye nyuzi nyingi hadi mguu 30 wa rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya ampea 40. Mguu 87 uende kwenye feni kwa waya huohuo wa 6, na athi ya feni (waya hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari) irudi kwa unene uleule. Ukifunga pacha, kila feni rilei yake na fyuzi yake ya 30. Mguu 86 upate moto wa swichi ya gari kupitia fyuzi ya 5, ili feni isibaki inanyonya betri gari ikiwa imelala. Mguu 85 uende kwenye swichi ya joto.

Waya wa nyumba wa 1.5 usiukubali. Mita nne kwenda na kurudi kwa ampea 25 zinapoteza volti moja na zaidi njiani, waya unapata moto na feni inazunguka kivivu. Wa 6 unapoteza kama 0.3. Athi ikwangue rangi mpaka chuma, kaza, kisha paka grisi juu. Kwetu huku upepo wa chumvi unakula kiungo cha wazi ndani ya miezi.

Alteneta: ya asili ikiwa ya ampea 55, taa kubwa zinachukua kama 10, waipa na mengineyo 5, feni 25. Mwendoni inabeba. Injini ikiwa kwenye sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) alteneta haitoi hata nusu, na hapo ndipo feni inapohitajika. Pima betrini taa na feni vikiwaka, sailensa: chini ya volti 13 unakula akiba ya betri. Ukibadilisha, alteneta ya 3L ina pampu ya vakyumu mgongoni, ndiyo inayosaidia breki. Ukiletewa ya petroli isiyo na pampu, mguu wa breki utakuwa mgumu kama jiwe, na mteremko wa Pemba si pa kulijulia hilo.

karafuu_mbichi (Wete)

Ahsanteni sana. Kava lina ufa mkubwa upande wa chini, nimelitazama sasa hivi. Klachi nitaipima asubuhi. Swichi ya joto ikae wapi? Rejeta haina tundu lake.

waya_na_rilei

Kata hosi ya juu, uingize kipande cha bomba cha alumini chenye tundu la nyuzi la kukazia swichi, kibanwe kwa klipu mbili. Swichi iwake kwenye 95 na izime kwenye 90. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachukua inayozima chini ya joto la thamostati. Maji ya hosi ya juu injini ikifanya kazi hayashuki chini ya 82, kwa hiyo swichi inayozima kwenye 80 haizimi kamwe, na mota inakufa mapema. Ya kuchomeka kati ya mapezi ya rejeta inasoma upepo zaidi kuliko maji, iache.

Na hili: bomba hilo limeshikwa na mpira pande zote mbili, kwa hiyo halina athi. Swichi ya mguu mmoja hapo haitafanya kazi mpaka bomba lenyewe lifungwe waya wa athi. Chukua ya miguu miwili. Vuta pia waya wa pili kutoka 85 hadi swichi ndogo ya dashibodi inayokwenda athi, uiwashe feni mwenyewe kabla ya kuanza kilima.

spana_kumi

Kava lenye ufa wa chini limeshatoa nusu ya jibu. Kabla hujanunua chochote, lishone kwa waya mwembamba, bandika bati jepesi kwa ndani, uhakikishe mapanga hayagusi, kisha upande kilima kilekile na mzigo uleule.

Ukiishia kung'oa klachi, legeza nati zake nne mkanda ukiwa bado umekaza, la sivyo puli inazunguka na spana. Nati hizo hizo ndizo zinazoishika puli ya ota pampu (pampu ya maji). Ukiirudisha puli bila klachi, unene wa flenji (sahani ya klachi inayokaa chini ya nati) umeondoka na nati zinafika mwisho wa nyuzi kabla hazijaibana. Jaza nafasi kwa washa nene nne zinazolingana. Puli ikilegea hapo, mkanda unaruka, na maji na chaji vinakatika kwa pamoja.