Stempu jumbo: tuzichane kutoka kwa jirani zake au tuziache?

Wakuu, hili nataka tulijadili kwa uwazi, maana limeniuma.

Muuzaji mmoja kanitumia picha ya stempu ya Marekani, senti 2 nyekundu ya Washington, ya miaka ya 1910. Jumbo hasa: picha imetulia katikati, weupe umeizunguka pande zote kama uwanja ulioizunguka nyumba. Nikamuuliza kaitoa wapi. Akajibu kwa furaha kwamba ilikuwa katikati ya ukanda wa stempu tatu. Kaichana. Zile mbili za pembeni kaziuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu vitundu vya kuchania vilikuwa vimekula fremu ya picha. Sikuinunua.

Kwa mgeni wa mambo haya: jumbo ni stempu iliyotoka kubwa kuliko wenzake wa toleo lilelile kwa sababu vitundu vya kuchania havikupita mahali pake. Picha yenyewe haijaongezeka hata kidogo. Kilichozidi ni karatasi, na mara nyingi karatasi hiyo imechukuliwa kwa jirani. Ndiyo maana nasema ukiichana umeitoa nusu ya habari yake.

Zile stempu zilichapwa kwenye karatasi iliyoloweshwa kidogo. Ikikauka inasinyaa, tena haisinyai sawasawa kila mahali. Halafu inapitishwa kwenye mashine yenye magurudumu ya pini ambayo umbali wake umeshapangwa, nayo inatoboa palepale ilipopangiwa. Picha ya stempu ile ina upana wa karibu milimita 19 tu. Pini zikihama milimita 1, jicho linaona.

Wachapaji wenyewe walihangaika na jambo hili. Kwenye baadhi ya bamba za kuchapia za toleo lililoanza 1908, waliacha milimita 3 badala ya 2 kati ya stempu za safu sita za nje, na bamba hizo wakazitia alama ya nyota. Kwa hiyo kuna stempu pana kwa mpango, na kuna pana kwa hitilafu. Ukiwa na ukanda mzima unapima nafasi kati ya picha na picha, jibu unalo. Ukiwa na stempu moja iliyochanwa, utajuaje?

Wanaonipinga wana hoja, na moja naikubali. Marekani ilipoanza kutoboa stempu mwaka 1857, ilikuwa bado inatumia bamba zilizotengenezwa enzi za kukata kwa mkasi, na nafasi kati ya stempu ilikuwa finyu mno. Vitundu viliingia kwenye picha kila mara. Stempu ya wakati ule yenye pambizo pana pande zote nne ni adimu kwelikweli, na ilichanwa na mtu aliyekuwa anatuma barua yake. Mwenye kuilipia hela ndefu simlaumu.

Wengine wanasema ni mali ya mtu, aifanyie atakavyo. Sawa, lakini tuangalie tunachokichochea. PSE, kampuni ya Marekani inayokagua stempu, huongeza herufi J kwenye alama ya ubora ya stempu jumbo, na herufi hiyo hupandisha bei. Bei ikipanda, vidole vinawasha. Na kuna baya zaidi: stempu pana ni malighafi ya wadanganyifu. Ina karatasi ya kutosha kukata upande mmoja na kutoboa meno mapya ya ukingoni, ili picha isiyokaa katikati ionekane imekaa. Ukitaka kuwakamata, chukua lenzi uangalie meno ya upande ulionyooka kupita kiasi, kisha ulinganishe na upande wa pili. Stempu iliyoshikana na jirani yake haina hofu hiyo upande waliposhikana.

Msimamo wangu: iliyokwisha kuchanwa zamani, nunua kwa amani. Iliyo bado kwenye ukanda au kipande cha stempu nne, iachwe hivyo, na sisi wanunuzi tulipie ukanda zaidi ya tunavyolipia stempu moja.

Sasa nawauliza mlio na vipande vya Kenya, Uganda na Tanganyika vya Mfalme George VI, vya 1938 hadi 1954. Pale tumeshazoea kuhesabu vitundu kwa kila sentimita 2, lakini upana wa stempu tunausahau. Kuna aliyewahi kukuta moja iliyozidi ikiwa bado imeshikana na wenzake? Na mtu akikuwekea pesa nzuri mezani uichane, utaichana?