Mbwa wa kulinda mbuzi porini: Kangal, Boerboel, German Shepherd au wa kienyeji?

MfugajiLongido:
Wakuu habari za humu ndani. Mi niko Longido, nafuga mbuzi na kondoo, na fisi wamenichosha kabisa. Usiku wanapenya boma la miiba, mchana bweha anamvizia mbuzi aliyetoka kuzaa huko malishoni anaondoka na kitoto. Nimesoma sana habari za mbwa wa kazi nimebaki na majina manne, Kangal, Boerboel, German Shepherd na Border Collie, huyo wa mwisho kuna jamaa ananisukumia anasema ndo mwenye akili kuliko mbwa wote duniani. Mwenye uzoefu aniambie yupi anafaa kukaa na mifugo porini, sio wa kukaa getini. Hela yenyewe ni ya kuuza mbuzi kwahiyo sitaki kubahatisha.

Sivas_TZ:
Mkuu mi nasoma Uturuki, Kangal ndo kwao huku, jina ni la mji uliopo mkoa wa Sivas. Mbwa wa rangi ya mchanga, uso mweusi, dume anafika kilo 50 hadi 60. Ukienda vijijini unawakuta na kola za chuma zenye miiba mirefu iliyotokeza nje, kwasababu mbwa mwitu wa huku (sio wale wetu wa madoa, hawa ni wakubwa wa kijivu) akishambulia anatafuta shingo. Ila kilichonivutia ni namna anavyofanya kazi, hana papara. Kondoo wakitawanyika kula yeye anapanda sehemu iliyoinuka, analala pale anapoona kundi zima, unaweza kudhani amesinzia. Ukisogea tu anainuka, anakuja taratibu anasimama kati yako na kondoo, anabweka kwa sauti nzito, ukisimama na yeye anasimama, ukirudi nyuma hakufuati. Mchungaji wala hajamwambia kitu muda wote huo. Baridi ya theluji anavumilia na jua kali la kiangazi anavumilia. Kwa kazi unayoitaja mi sioni wa kumzidi.

Laikipia254:
Sasa wadau. Mimi niko Laikipia na nimeishi na Boerboel na German Shepherd wote wawili, kwa hiyo naongelea hao. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, nguvu anazo na uoga hana, lakini moyo wake uko kwa watu na nyumba. Ukimpeleka na mbuzi mchana anarudi na wewe jioni, ukienda nyumbani kulala na yeye anataka kulala mlangoni kwako, sasa fisi saa nane usiku atampata nani zizini? Halafu ni mzito, jua la saa sita linamlaza. German Shepherd kweli asili yake ni kondoo, yule Max von Stephanitz aliyeanza kumsajili Ujerumani mwaka 1899 alimtengeneza kutoka kwa mbwa wa wachungaji, lakini kazi ya kwao ilikuwa kuongoza kondoo wasivuke kuingia kwenye mazao ya watu, akiwa na mchungaji wake pembeni. Na ukimnunua mjini leo umenunua mbwa wa askari. Kitu kikikimbia anakifuata, na mbuzi hukimbia.

daktari_mifugo:
Laikipia254 amegusa penyewe. Mkuu wa Longido naomba tuanze na kazi kabla ya jina, maana hapo ndo wengi hela inapotelea. Kuna mbwa wa kuswaga na kuna mbwa wa kulinda, na hawa wawili hawaingiliani. Border Collie ni wa kuswaga, anainama, anakaza macho, ananyemelea kondoo kama anawinda ila haumi, na kondoo wanasogea kwasababu wanamuogopa. Akili anayo kweli, ila bila mtu wa kumpa amri atawazungusha mbuzi wako mpaka wachoke, na fisi akija hana mwili wa kumzuia. Mbwa wa kulinda ni kinyume chake, ile hamu ya kunyemelea na kukimbiza imepunguzwa sana kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi, mbuzi wanamuona mwenzao. Kundi hilo ndo lina Kangal na Anatolian wa Uturuki, Maremma wa Italia na wale weupe wa milima ya Pyrenees.

Mfano mzuri kwa Afrika ni Namibia. Lile shirika la duma, Cheetah Conservation Fund, la Dk. Laurie Marker, lilianza mwaka 1994 kuwapa wafugaji Anatolian ili waache kuua duma. Mtoto wa mbwa anapelekwa kwa mbuzi akiwa bado mdogo kabisa, wiki nane hivi, anakulia humo humo. Wafugaji wengi waliripoti hasara kushuka sana. Na angalieni, mbwa hapigani na duma kila siku. Anabweka, anajionyesha, duma anaona hapa pana kelele anaenda kutafuta swala. Sehemu kubwa ya kazi ni hiyo kelele.

GomaKwetu:
Daktari umenikumbusha kitu. Miye niko Goma, na hapa Kongo tuko na mbwa wetu Basenji, wazungu walimuonyesha London kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1937. Mwindaji mzuri sana msituni lakini habweki, analia kwa sauti yake tofauti tu, ndo maana wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni wajue yuko wapi. Sasa kama kulinda ni kubweka basi huyu mumutoe kabisa kwenye hesabu ya mbuzi. Na huku Virunga askari wa mbuga wanatumia bloodhound, wale wa masikio marefu, kufuata harufu ya majangili. Kila mbwa na kazi yake, bloodhound umuwekee mbuzi atakufanyia nini?

MamaMbuzi_Simanjiro:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Naona wote mnataja mbwa wa kuagiza na hakuna anayemtaja wa kienyeji. Botswana lile shirika lao la duma, Cheetah Conservation Botswana, linahimiza mbwa wa kienyeji wa Kitswana kulinda mbuzi, na Marekani Wanavajo wanalinda kondoo na machotara wasio na jina lolote. Siri ni malezi. Kangal wako wa kilo 60 anakula kiasi gani? Ugali wa dona na dagaa kila siku, na mwaka wa ukame wewe mwenyewe unatafuta chakula. Wa kienyeji ameshazoea jua na kupe wa hapa hapa.

Nikuambie ninavyofanya mimi. Nachagua mtoto wa mama anayelala zizini, sio anayezurura sokoni. Namtengea kona yake ndani ya zizi yenye mbao za kupenyeka yeye tu, chakula anakula humo, watoto wangu nawakataza kabisa kumbeba kumleta ndani. Akifika miezi sita saba ndo shughuli, anataka kucheza, anawang'ata masikio vitoto vya mbuzi, anawakimbiza. Hapo wengi wanasema hafai wanamtupa. Mi namtoa kwa vitoto namuweka na beberu mkali na majike makubwa, akileta mchezo anapigwa pembe ya ubavu, anajifunza adabu mwenyewe. Mpaka afikishe mwaka na nusu au miwili usimhesabu kama mlinzi. Na dume mhasi, la sivyo jike likiwa kwenye joto kijiji cha pili zizi linabaki tupu.

Sivas_TZ:
Mama hapo kwenye chakula sikubishii, huku wanawapikia uji mzito wa unga wa shayiri sufuria zima. Ila fisi ni mnyama mwenye taya, wa kienyeji wa kilo 20 atamfanya nini?

MamaMbuzi_Simanjiro:
Mwanangu mmoja hafanyi kitu, hata huyo Kangal mmoja akizungukwa na fisi watano hatoboi. Weka wawili watatu. Na boma liwe boma. Huku Simanjiro watu wanapanda miti inayochipua wanafunga uzio wa waya juu yake, fisi hapenyi na simba haruki kirahisi. Mbwa anakuamsha, uzio unazuia, wewe unatoka na tochi.

MfugajiLongido:
Asanteni sana, Mama shikamoo. Border Collie na Boerboel nimewafuta. Kuna jirani ana jike linalala na kondoo, limezaa juzi, nitachukua wawili niwalee hivyo hivyo, na hela ya Kangal iende kwenye waya. Daktari chanjo zipoje?

daktari_mifugo:
Ya parvo na distemper, yale magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, anza wakiwa na wiki sita hadi nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu nne mpaka wafike wiki kumi na sita. Kichaa cha mbwa wakifikisha miezi mitatu, halafu kila mwaka bila kuruka, maana hawa watakutana na bweha na fisi uso kwa uso na wewe unawashika kwa mikono. Dawa ya minyoo mapema, kupe waangalie ndani ya masikio na katikati ya vidole. Na siku ya kwenda kuwachukua beba tambara ulilolisugua kwenye mbuzi wako, walalie hilo njiani.