BDE-209 kwenye mayai ya buabua: blanki chafu na majibu yanayorukaruka

Kipimo_Gigiri: Wadau, tunaandaa ufuatiliaji wa miaka mingi wa kemikali za kuzuia moto (PBDE na HBCD) katika mayai ya buabua wa visiwa vya pwani, upimaji utafanyika hapa Nairobi. Kwenye majaribio BDE-209 (PBDE kubwa kuliko zote, yenye bromini kumi) inatokea hadi kwenye blanki (sampuli tupu isiyo na yai), na kwenye mayai majibu yake yanarukaruka. Je, tuchanganye mayai au tupime moja moja?

Bromini79: Blanki ni vumbi hilo. Sponji za viti na plastiki za kompyuta zina hiyo dawa ya kuzuia moto. Choma vioo kwa nyuzi 450 (si vile vya kupimia ujazo, vitapoteza kipimo), funika kwa foili iliyosuuzwa na hekseni, na kila kundi liwe na blanki yake.

Kurukaruka, angalia mwanga kwanza. BDE-209 ikipigwa na jua hupoteza bromini na kugeuka PBDE ndogo: huku unapunjwa, kule unazidishiwa. Chupa ziwe za kahawia. Halafu joto: kolamu (mrija wa mashine ya GC, inayotenganisha kemikali kwa joto) ya mita 30 au 60 huikalisha kwenye oveni hadi ivunjike. Weka ya mita 15, yenye utando wa ndani wa mikromita 0.1, na utie BDE-209 yenye kaboni-13 (alama ya kusahihisha kinachopotea njiani) kabla hujagusa yai kwa kiyeyushi. HBCD ipeleke LC-MS/MS (mashine inayotenganisha kwa kimiminika, si kwa joto); ikizidi nyuzi 160 isoma zake, yaani maumbo yake tofauti, hugeukiana.

Kusi_na_Kaskazi: Pimeni moja moja. Mchanganyiko unatoa wastani bila mtawanyiko, na yai moja chafu litaonekana kama mwelekeo. Yai moja kwa kiota, koloni ileile, msimu uleule. Mayai yaliyotelekezwa hayasumbui ndege, ila yamekauka, kwa hiyo kemikali kwa gramu huonekana nyingi kuliko ukweli. Pima kwa kalipa: ujazo = 0.51 × urefu × upana². Yai la sentimita 4.2 kwa 3.0 lina kama mililita 19.3; rekebisha kwa ujazo huo, si kwa uzito uliobaki. Vibali vya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na vya mamlaka za wanyamapori vitangulie boti.

Friza_80: Sehemu ya kila yai ihifadhiwe nyuzi −80. Kanada inakusanya mayai ya shakwe wa Maziwa Makuu ya Amerika tangu 1974, ndiyo maana PBDE zilipimwa baadaye kwenye mayai ya zamani. Pimeni na nitrojeni-15 pia, inaonyesha ndege wanakula ngazi gani ya mnyororo wa chakula: ndege wakibadili chakula, kemikali hushuka bila bahari kusafika. Penta (mchanganyiko wa PBDE ndogo) iliingizwa Mkataba wa Stockholm, unaozuia kemikali sugu, 2009, HBCD 2013, deka (yenye BDE-209) 2017, kwa hiyo msizijumlishe kwenye grafu moja. Na friza iwe kwenye laini ya jenereta. Stima ikipotea wikendi, hakuna wa kuwaambia.