Falcon 9 ni ileile: kwa nini moja ina dirisha la sekunde na nyingine la saa 4?

Mtazamaji:
Wakuu, salaam. Nafuatilia ratiba za roketi zinazotarajiwa kurushwa na kuna vitu vinanichanganya. Kile kifupisho cha "NET" mbele ya tarehe ni nini? Na mbona roketi ya Falcon 9 ya kupeleka watu kituo cha anga cha ISS inapewa dirisha (muda wa kuruka) la sekunde moja tu, ikipita basi hadi siku nyingine, ilhali Falcon 9 hiyohiyo ikibeba satelaiti za intaneti za Starlink inasogezwa usiku mzima? Halafu hizi saa za UTC (saa ya kimataifa) kila nikizigeuza nakosea. Mwisho, safari zipi za mbele ni za kuwekea alama kwenye kalenda?

Kaskazi:
Naanza na mepesi. NET ni "No Earlier Than", yaani "si kabla ya". Siyo ahadi kwamba itaruka siku hiyo, ni ahadi kwamba haitaruka mapema zaidi. Tarehe yenye mwezi na mwaka tu, bila siku, ichukulie kama makisio.

Saa: toa 3 kwenye UTC, unapata saa ya Kiswahili papo hapo. Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa 3, na saa yetu iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa saa 6, kwa hiyo inabaki kutoa 3. Darubini ya James Webb ilirushwa 12:20 UTC tarehe 25 Desemba 2021, yaani saa 9:20 alasiri kwetu. Jibu likizidi 12, toa 12. Namba ikiwa ndogo, ongeza 12 kwanza: 01:00 UTC inakuwa 13 toa 3, saa 10 alfajiri. Wengi wanateleza kwenye tarehe: kuanzia 21:00 UTC, huku kwetu kalenda imeshageuka. Roketi ya "Jumatatu 22:00 UTC" inaruka saa 7 usiku wa kuamkia Jumanne, na ratiba itaendelea kuandika Jumatatu.

FundiObiti:
Roketi ni ileile, mkuu, safari siyo ileile. Chukulia njia ya ISS kama pete kubwa iliyoinama nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Pete karibu imetulia, dunia ndiyo inazunguka ndani yake, na jukwaa la Florida linapita chini ya pete kwa wakati maalumu. Dunia inageuka digrii 1 kila dakika 4. Ukichelewa dakika hizo 4, pete haiko tena juu yako, na kuirudia ukiwa huko juu kwa mwendo wa kilomita 7.7 kwa sekunde kunataka injini ibadili mwendo kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Chombo chenye watu hakiwezi kuchezea akiba ya mafuta namna hiyo. Na kwa kuwa pete yenyewe nayo husogea kidogo kila siku, nafasi ya kesho yake huwa mapema kwa dakika 20 na kitu, siyo saa ileile.

Starlink hawana mtu wa kumfuata. Satelaiti zikiachwa chini kidogo ya zilizotangulia, obiti yao (njia ya kuzunguka dunia) inasogea yenyewe pole pole hadi zifike mahali pake. Wiki kadhaa za kusubiri, lakini ni bure.

Sababu ya pili iko kwenye matangi, na hii inawahusu wote wawili. Falcon 9 inatumia mafuta ya taa yaliyosafishwa sana, yakapozwa hadi kama nyuzi 7 chini ya sifuri, pamoja na oksijeni iliyogeuzwa kimiminika kwenye nyuzi 207 hivi chini ya sifuri. Oksijeni ya kawaida ya roketi hukaa kwenye 183. Wanaipoza zaidi ili iwe nzito na iingie nyingi zaidi kwenye tangi lilelile. Kasoro yake ni kwamba haingoji. Ujazaji unaanza dakika 35 kabla ya kuruka, oksijeni ya hatua ya pili (sehemu ya juu ya roketi) inaanza zikibaki dakika 16, injini zinapozwa zikibaki 7. Hesabu ya kushuka hadi sifuri ikisimama katikati ya hapo, oksijeni inapata joto na kutanuka. Hakuna kubonyeza "endelea". Wanamwaga, wanaanza upya.

Kwa hiyo ukitazama Starlink yenye dirisha la saa 4 na hali ya hewa ni mbaya, angalia dakika ya 38 kabla ya kuruka, pale wanapoamua kujaza au la. Wakisogeza saa kabla ya hapo, bado mchezo upo. Hesabu ikikatwa zikibaki dakika 10, kwa kawaida lala tu. Na kuna kanuni ya radi: ikipiga ndani ya maili 10 za baharini kutoka kwenye njia ya roketi, lazima zipite dakika 30. Radi moja dakika 25 kabla ya kuruka imetosha kuua siku nzima ya safari ya ISS.

Mtazamaji:
Hapo nimekupata. Na ile roketi kubwa ya NASA ya mwezini, SLS? Safari yake ya kwanza, Artemis I, iliahirishwa mpaka watu wakachoka.

Kaskazi:
Ile adui yake ni haidrojeni. Tangi kuu la SLS linabeba lita milioni 2 na ushee za haidrojeni iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 253 chini ya sifuri. Molekuli yake ndogo kuliko zote, inapenya penye upenyo usioonekana, na kwa baridi hiyo chuma na sili (kizibo cha maungio) havisinyai kwa kipimo kimoja. Tarehe 29 Agosti 2022 walisimama kwa kipimo cha joto cha injini namba 3. Tarehe 3 Septemba uvujaji ulitokea kwenye kiungo cha bomba la inchi 8, pale linapochomoka roketi ikiruka. Walijaribu kuifanya sili ikae upya, mara ya pili, ya tatu, wapi. Baadaye sili ilipotolewa ilikutwa na kibonyeo cha chini ya robo milimita. Robo milimita! Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, kwa hiyo hakuna aliyekuwa wa kulaumiwa kwa kuogopa.

Dawa haikuwa sili mpya peke yake. Walibadili ujazaji: taratibu, shinikizo likipanda kidogo kidogo. Usiku wa 16 Novemba kulikuwa bado na vali iliyovuja, mafundi wakaingia chini ya roketi iliyojaa kukaza nati. Ikaruka 06:47 UTC. Toa 3.

Pweza wa Ngomeni:
Nijibu la kalenda. Swali la kuuliza kwa kila safari: ikikosa dirisha lake, inasubiri nini?

Inayosubiri sayari ndiyo ya kuumiza. Dunia na Mirihi hupangika vizuri kila miezi 26 tu. Rosalind Franklin, gari la Ulaya la kuchimba Mirihi hadi mita 2 chini kutafuta dalili za uhai wa kale, lilikuwa la 2022. Ushirikiano na Urusi ulipovunjika likasukumwa hadi 2028. Europa Clipper ya kwenda mwezi wa Mshtarii ilikuwa na wiki 3 hivi, kwa hiyo kimbunga Milton kilipopita Florida Oktoba 2024 walisubiri tu, ikaondoka tarehe 14. Kuna walioukwepa mtego: safari ya NASA ya ESCAPADE iliruka Novemba 2025, nje ya msimu, ikaenda kuzubaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani ili irudi kupita karibu nasi Novemba 2026 na ndipo ishike njia ya Mirihi.

Za mbele: Dragonfly, Julai 2028 kwa Falcon Heavy, droni ya nyuklia yenye mapanga 8 itakayotua Titan, mwezi wa Zohali, mwaka 2034. Darubini ya Roman, ahadi yake ni kabla ya Mei 2027 kuisha: kioo cha mita 2.4 sawa na Hubble, lakini picha moja inameza eneo mara 100 zaidi, kwa ajili ya nishati ya giza na sayari za mbali. Hii ikichelewa siku mbili tatu haidhuriki, haifukuzani na sayari. Na PLATO ya Ulaya, darubini ya kutafuta sayari za mbali, kamera 26 kwenye chombo kimoja, kwa Ariane 6.

Mahali pa kurushia nako kunafuata kazi. Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya X kutoka angani, ilirushwa hapa kwetu kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ikweta iliwafaa kwa sababu obiti yake inakwepa sehemu kubwa ya mnururisho ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungevuruga vipimo.

Mtazamaji:
Basi Taifa-1 ya Kenya, 15 Aprili 2023, 06:48 UTC, ilikuwa saa 3:48 asubuhi. Mbona yenyewe ilitokea California na siyo Florida?

FundiObiti:
Saa ni sawasawa. Ilikuwa ya kupiga picha za ardhi, na hizo hutaka kupita karibu juu ya ncha za dunia, kila mahali kwa saa ileile ya jua, ili kivuli cha shamba la mwezi huu kisitofautiane sana na cha mwezi ujao. Ukiwa Vandenberg, kituo cha kurushia cha California, ukielekeza roketi kusini unakuta bahari tupu.

Mtazamaji:
Shukrani wakuu. Dragonfly nimeiandika kwa penseli.